Niambie Inapobana

Biryogo, mtaa wa mafundi mjini Kigali, huamka kwa sauti mbili. Kwanza adhana, kisha cherehani. Ukungu ukiwa bado umelala bondeni, mafundi hutoa cherehani zao barazani. Mtaa mzima huanza kunguruma polepole, kama mvua iliyo mbali ambayo haina haraka ya kufika. Ukikaa kimya ukisikiliza, unaweza kusinzia tena.

Asumani alikuwa mmoja wa mafundi hao. Alishona makoti, suruali na kanzu. Alikuwa mtu mwema na mcheshi. Alikuwa pia na kiburi kidogo, lakini ni nani asiye nacho?

"Miaka yote hii," alipenda kuwaambia wateja, "hakuna ata mutu mumoja aliyerudisha nguo yangu. Ata mumoja!"

Mke wake, Zaina, akisikia hayo aliinamisha kichwa na kutabasamu. Alijua jambo ambalo mumewe hakulijua. Nyumba yao ilikuwa na mlango wa nyuma, unaotokea kichochoroni. Wake za wateja walipita huko, vifurushi chini ya vitenge vyao.

"Mama Mukunde, hii suruali ya bwana inabana kidogo. Lakini usimwambie fundi, sha. Asije akajisikia vibaya."

Zaina alifumua mshono, akaupanua, akairudisha nguo kimya kimya. Kigali ni mji wa watu wenye haya. Mtu akiwa na sifa, anaitoa mbele ya watu. Akiwa na lawama, anaimeza. Wanyarwanda husema kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Na mwaka huo, 1991, watu walimeza mengi kuliko kawaida. Vita vilikuwa kaskazini, na mjini kila mtu alipunguza sauti yake.

Asumani na Zaina walikuwa na binti mmoja, Mukunde. Alikuwa na miaka minane. Mchana alipenda kulala chini ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya vitambaa. Cherehani ilimbembeleza. Akiamka alisimulia ndoto zake.

"Baba, nimeota mlima umevaa koti."

"Koti la rangi gani?"

"La ukungu. Lakini halina vifungo. Wewe ulikuwa unatafuta vifungo."

"Nilivipata?"

"Sijui. Mama aliniamsha."

Asumani alicheka, lakini moyo wake uliuma. Alijua kwa nini mtoto wake alikuwa analala sana. Mukunde alikuwa na ugonjwa wa kifafa. Alipoanza kuanguka, Spès ndiye aliyewapeleka kwenye zahanati. Spès alikuwa jirani yao, muuguzi aliyekulia Buyenzi, kule Bujumbura. Mukunde alipewa vidonge vidogo vyeupe, ameze kila asubuhi. Tangu hapo hakuanguka tena ila mara chache. Lakini vidonge vilimpa usingizi. Alisinzia darasani. Mwalimu alimrudisha nyumbani, akasema mtoto huyu haji shuleni kusoma, anakuja kuota.

Majirani waliambiwa kwamba Mukunde ni mchovu tu. Neno kifafa halikutajwa. Watu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo unaambukizwa na povu la mgonjwa. Hata wazazi wake waliogopa kidogo. Kikombe cha Mukunde kilikuwa cha bluu, na kilikuwa na msumari wake peke yake ukutani. Mtoto hakuuliza kwa nini. Watoto wanajua mengi tunayodhani tumewaficha.

*

Siku moja alikuja mteja wa zamani, Bwana Léonidas, kujaribu koti. Alifanya kazi katika ofisi moja Kiyovu. Alisoma magazeti ya Kifaransa. Alikuwa na moyo mwema, na hilo nataka ulijue mapema. Katika hadithi hii hakuna mwizi.

Akiwa amesimama mikono juu, Asumani akipima kwapa, Léonidas alimwona Mukunde amelala chini ya meza. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Mkono ulitetemeka usingizini.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mutoto iko na igicuri, si ndiyo?"

Igicuri ni kifafa kwa Kinyarwanda. Asumani aliacha kupima. 

"Usiogope. Mutoto wa dada yangu alikuwa nayo. Sasa amepona. Kabisa!" Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa nakala ya ukurasa wa gazeti la Ulaya. Juu kulikuwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe. "Bazungu wamefanya utafiti. Iko unga wa mizizi. Angalia hapa: wagonjwa kumi, tisa wamepata nafuu. Tisa, monsieur!"

"Tisa kwa kumi," Asumani alirudia. Maneno yalikuwa matamu mdomoni.

"Mimi naagiza huo unga. Nimewapa watu wengi hapa Kigali. Kila siku wanakuja kunishukuru. Lakini vidonge lazima uache. Vidonge na unga vitapigana ndani ya mutoto."

Zaina alikuwa mlangoni. "Baba Mukunde, tumuulize kwanza Spès."

"Spès ni muuguzi wa hapa tu," alijibu Asumani. "Hawa ni watafiti! Hukuona picha?"

"Picha ni ya mtu. Dawa sijaiona."

"Mama Mukunde, hutaki mutoto aamke?"

 Hilo ndilo swali lililomshinda Zaina. Alitaka mtoto wake aamke kuliko kitu chochote duniani. Mtu mwenye kiu hasimami kuchunguza maji. Jioni hiyo vidonge viliwekwa juu ya kabati, na unga wa kijani alioutoa Léonidas ukakorogwa ndani ya kikombe cha bluu.

*

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri mno. Mpaka leo Zaina akizikumbuka, anaziona zina mwanga wa peke yake.

Usingizi ulimtoka Mukunde kidogo kidogo, jinsi ukungu unavyotoka bondeni Nyabugogo. Asubuhi moja hakulala tena chini ya meza. Alikimbia barazani. Alihesabu vifungo kwa Kifaransa. Aliimba. Alimwuliza baba yake kwa nini uzi una rangi na mvua haina. Mwalimu alimpokea tena darasani. Zaina alisimama kichochoroni akimsikiliza mtoto wake akicheka na wenzake, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Asumani hakuweza kukaa na furaha hiyo peke yake. Alipanda mlima kwa miguu mpaka Kiyovu, akampa Léonidas mkono kwa mikono miwili.

"Mutoto amepona, bwana. Mungu akulipe."

Léonidas alifurahi kwa dhati. "Unaona? Na wewe nakuongeza kwa wale waliopona."

Kuanzia siku hiyo, kila Léonidas alipoeleza habari za unga, alisema: "Ata mutoto wa fundi wa Biryogo, mwulizeni mwenyewe!"

Na mvua ikaendelea kunyesha, laini, na cherehani ikaendelea kunguruma.

Kisha ikaja siku moja, saa za adhuhuri. Asumani alikuwa ametia makaa kwenye pasi. Mukunde alisimama karibu naye, akipanga vifungo kwa rangi. Ghafla akanyamaza. Aliangalia mbele, kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka mbali sana.

"Mukunde?" aliita baba yake.

Mtoto akaanguka. Mkono wake uligonga pasi ya moto. Mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika. Povu likatoka mdomoni. Vifungo vikatawanyika sakafuni pote.

"Mana yanjye! Mungu wangu!" alilia Zaina. Alikimbia kuchukua kijiko, aupanue mdomo wa mtoto asije akauma ulimi. Asumani aliishika miguu kwa nguvu, akijaribu kuizuia. Watu walikusanyika barazani. Lakini walipoona povu, walirudi nyuma.

Mtu mmoja tu alipita katikati yao. Alikuwa Spès, ametoka kazini, bado na nguo zake nyeupe.

"Toa kijiko!" alisema. "Usiweke kitu chochote mdomoni. Utamvunja meno, au kitamkaba. Baba Mukunde, mwachie miguu. Sogezeni pasi na meza. Nipeni nguo laini."

Aliweka kitambaa chini ya kichwa cha mtoto. Akafungua kifungo cha shingoni. Kisha akamgeuza Mukunde alale ubavu, ili povu na mate yatoke nje. Akalifuta povu kwa mkono wake mwenyewe. Watu wote waliona.

"Humura, mtoto wangu. Tulia. Niko hapa."

Mtikisiko ulipungua. Zaina alivuta pumzi. Lakini kabla Mukunde hajafumbua macho, ukaanza tena.

Sasa uso wa Spès ulibadilika. "Hii si kama zamani. Ikirudi kabla hajaamka ni hatari. Tafuteni gari, twende haraka."

Asumani alisimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono, tepu yake ya kupimia bado shingoni. Gari la kwanza lilisimama. Njiani alimwangalia mtoto wake mapajani mwa Zaina. Aliogopa kwamba Mukunde ameingia katika ndoto isiyo na mlango wa kutokea. Alisema hivyo kwa sauti, na hakujali kwamba dereva anamsikia akilia.

*

Hospitalini Mukunde alichomwa sindano, na mtikisiko ukakoma. Alilala usingizi mrefu. Mkono wake ulifungwa bandeji. Alipofumbua macho alimtazama baba yake na kusema, "Vifungo vyako vimemwagika."

"Tutaviokota," alisema Asumani. 

Walipomrudisha nyumbani, Spès alikuja kukaa nao. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati. Zaina alitandika mkeka, akachemsha chai ya maziwa. Mukunde alilala kwenye vipande vyake vya vitambaa, akisikiliza nusu, akiota nusu.

"Sasa niambieni," alisema Spès. "Vidonge aliacha lini?"

Walitazamana. Kisha Zaina akaleta unga na ile karatasi. Alieleza yote.

Spès hakuwagombeza. Alisema tu, "Vidonge hivi haviachwi ghafla. Ukiviacha ghafla, kifafa kinarudi na nguvu zaidi. Hata kuvipunguza ni lazima umwone daktari wa zahanati. Hilo nilipaswa kuwakumbusha kila mara."

Asumani aliinua kichwa. "Lakini utafiti, Madamu Spès! Tisa kwa kumi! Na kwa macho yangu nilimwona mutoto anaamka!"

"Aliamka kwa sababu vidonge ndivyo vilivyokuwa vinamlaza. Ulipoviacha, usingizi ulikwenda. Lakini na ulinzi ulikwenda pia, polepole, wala hukuuona." Alikunywa chai kidogo. "Mama Mukunde, kabla ya unga, mtoto aliwahi kukaa muda mrefu bila kuanguka?"

Zaina alifikiri. "Ndiyo. Kabla ya vidonge, Ramadhani moja nzima hakuanguka. Nilidhani ni baraka ya mwezi."

"Kama ungempa unga siku ya kwanza ya Ramadhani ile?"

"Ningesema unga umemponya." Zaina alishika shavu. "Ningeusifia mtaa mzima!"

"Enhe. Kifafa kinakuja na kuondoka chenyewe. Ndiyo maana mtu mmoja hatoshi kuijua dawa. Hata mtoto wa dada yake Léonidas hatoshi. Lazima watu wawe wengi. Wengine wapewe dawa, wengine wasipewe, au wapewe ile ya zamani. Kisha makundi mawili yalinganishwe. Wewe ukitaka kujua kitambaa kinachuja rangi, si unalowesha kipande kimoja na kingine unakiacha kikavu?"

"Eeh, nafanya hivyo," alisema Asumani. "La sivyo utajuaje rangi ilikuwa namna gani mwanzo?"

"Basi hapo umeshasema ulichohitaji kumwuliza Léonidas."

Spès alikunjua karatasi, akaisoma karibu na dirisha. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alirudi nyuma, akasoma tena.

"Mimi pia inanichukua muda," alisema. "Maandishi haya hayaandikwi ili mtu ayaelewe kwa haraka. Sikilizeni. Inasema watu waliotumia unga waliandikiwa barua. Wagonjwa kumi walijibu, na tisa kati yao walisema wamepata nafuu."

"Si ndivyo alivyosema?"

"Walioandikiwa barua walikuwa wangapi?"

Asumani aliangalia karatasi kana kwamba ingemjibu. "Haisemi?"

"Haisemi. Labda kumi na moja. Labda mia. Wale wengine wako wapi? Wamepona? Wamechoka? Wamekufa? Na kuna jambo jingine hapa chini, kwa herufi ndogo. Wagonjwa wote waliendelea na vidonge vyao vya kawaida."

Zaina aliweka kikombe chake chini. 

"Hawakuacha vidonge?" aliuliza Zaina.

"Hawakuacha. Hilo la kuacha Léonidas ameliongeza mwenyewe. Nadhani mtu alimwambia, naye akaamini."

Asumani alifunika uso. "Mimi ni mjinga. Nusura nimwue mutoto wangu kwa ajili ya picha ya koti jeupe."

"Oya, usiseme hivyo, Baba Mukunde. Léonidas amesoma, na ameteleza palepale. Utafiti unaandikwa kwa lugha ya mbali. Gazeti linachukua mwisho wake tu, ule mtamu, linaacha namna ulivyofanywa. Kisha sisi tunausoma tukiwa na mgonjwa nyumbani. Unatafuta tumaini, na karatasi inakupa tumaini. Utaikatalia wapi?"

"Basi tusiamini utafiti wowote?" aliuliza Zaina. "Leo wanasema hivi, kesho wanasema vile."

"Hapana. Hata vidonge vya Mukunde vilitoka kwenye utafiti. Lakini vilijaribiwa kwa watu wengi, nchi nyingi, na watafiti mbalimbali, miaka mingi. Na walihesabu hata wale ambao havikuwasaidia. Walihesabu hata ubaya wake. Ndiyo maana siku ya kwanza niliwaambia kwamba vitaleta usingizi. Huo unga, ubaya wake mliambiwa?"

"Hauna ubaya," alisema Asumani. "Léonidas amesema hakuna ata mutu mumoja aliyerudi kulalamika."

Zaina alikohoa. Kisha akacheka. Alijaribu kujizuia, akaziba mdomo kwa kitenge, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.

"Unacheka nini?" aliuliza mumewe.

"Nisamehe, Baba Mukunde." Zaina alijifuta macho. Sasa hakuwa anacheka tena. "Wewe pia hakuna aliyerudi kulalamika. Kwa mlango wa mbele."

Akamwonyesha mlango wa nyuma. Akamweleza habari za vifurushi chini ya vitenge. Suruali za kubana. Mikono ya makoti iliyo mirefu. Kanzu ya imamu ambayo shingo yake haikupitisha kichwa.

"Kanzu ya imamu?" alisema Asumani kwa sauti ndogo.

"Niliipanua. Akakusifu Ijumaa."

 Uso wa Asumani ulipita hasira, ukapita aibu, ukafika mahali pengine. "Kumbe nilikuwa nahesabu shukrani tu," alisema. "Wenye lawama walipita nyuma."

"Kama kwa Léonidas," alisema Spès. "Na hapa kwetu ni vibaya zaidi, kwa sababu ni kifafa. Mtu ambaye mwanawe amepona atamshukuru. Mtu ambaye mwanawe ameanguka tena, je, ataenda kusema? Mbele ya watu? Wakati alikuwa hata hajasema kwamba mtoto ni mgonjwa? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini bado tunayaficha."

"Na Mukunde," Zaina alisema polepole, "kwa Léonidas bado anahesabiwa?"

Asumani aligeuka kumtazama mtoto wake. Bandeji ilikuwa nyeupe gizani, chini ya meza.

"Anahesabiwa," alisema. "Mimi mwenyewe nilimpeleka kuhesabiwa. Kwa sababu yake kuna mutoto mwingine anaacha vidonge sasa hivi."

Kabla hajaondoka, Spès alikwenda ukutani. Alikishusha kikombe cha bluu kutoka kwenye msumari wake. Akajimiminia chai iliyobaki, akainywa yote, bila haraka.

"Kifafa hakiambukizi," alisema. "Si kwa povu, si kwa mate, si kwa kikombe."

*

Karibu na msikiti kulikuwa na mkahawa mdogo wa chai na sambusa. Jumamosi alasiri ulijaa. Léonidas alipenda kuja hapo, na siku hiyo alikuwa amekaa katikati na karatasi yake. Karibu naye alikaa Valens, muuza makaa, mtu mkubwa wa maneno machache. Wengine walisikiliza.

"Ata mutoto wa fundi Asumani," Léonidas alikuwa anasema. "Huyu hapa anaingia! Fundi, waambie!"

Vichwa vyote viligeuka. Asumani alisimama mlangoni.  Ilikuwa rahisi sana kusema neno moja na kukaa. Mtu mzima hatoi siri ya nyumba yake mkahawani. Baba yake hakufanya hivyo, wala babu yake.

"Mutoto wangu iko na kifafa," alisema.

Mtu mmoja aliweka gilasi mezani.

"Nilimpa unga, nikaacha vidonge. Akaamka, nikafurahi. Nikaenda kwa Bwana Léonidas kumshukuru. Kisha akaanguka juu ya pasi. Akaanguka tena na tena, na karibu afe." Aligeuka kumtazama Léonidas. "Hakupona. Bwana Léonidas, nakuomba, mutoe kwa wale waliopona. Muhesabu kwa walioanguka."

 Léonidas aliitazama karatasi yake. "Lakini... hakuna mwingine aliyeniambia..."

"Nani angekuambia?" aliuliza Asumani. Hakuuliza kwa ukali. "Mimi mwenyewe ilinichukua siku ngapi?"

 Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Kisha Valens, muuza makaa, akainua kichwa. Alikuwa amekitazama kikombe chake wakati wote.

"Ata wangu," alisema. "Wangu pia ameanguka."

Alisema hivyo tu. Lakini Asumani alikwenda akakaa kando yake, na mabega yao yakagusana.

Wiki iliyofuata mlango wa nyuma ulikuwa na kazi. Watu walikuja na nguo ambazo hazikuchanika. Mmoja alileta shati zima kabisa, akaomba lishonwe. Mwingine alileta sketi mpya. Zaina aliwakaribisha, akaweka chai, akangoja. Mwishowe walisema. "Mama Mukunde, hata sisi tulipewa ule unga." Zaina aliwaonyesha nyumba ya Spès. Watoto wao wakarudishiwa vidonge kabla hawajapatwa na yaliyompata Mukunde. Bwana Léonidas hakuagiza tena unga. Alikuwa mtu wa kwanza kwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza wale wengine aliowapa unga, na alikiri kwamba si mara zote alifunguliwa mlango.

Mukunde alirudia vidonge vyake. Daktari wa zahanati alibadilisha kipimo, akasema ameze jioni badala ya asubuhi. Usingizi wa mchana ukapungua, ingawa haukuisha wote. Mwalimu alielezwa ukweli. Alisikiliza, akamweka Mukunde dawati la mbele, na akawafundisha wanafunzi jinsi ya kumgeuza mwenzao ubavu akianguka. Kikombe cha bluu kilichanganywa na vingine. Msumari ulibaki mtupu, mpaka Asumani akautundikia mkasi.

Siku moja ya jua, baada ya mvua kuisha, Léonidas alikuja kuchukua koti lake. Alikuwa amekonda kidogo. Alilivaa mbele ya kioo, akajigeuza huku na huku.

"Inabana popote?" aliuliza Asumani.

"Hapana, hapana. Iko muzuri sana, fundi. Asante."

Zamani Asumani angeshukuru, akamfungulia mlango. Safari hii hakusogea. Alimtazama mteja wake na kungoja. Mukunde naye alikuja kutoka chini ya meza, chaki mkononi, akangoja pamoja na baba yake.

Léonidas aliwatazama wote wawili. Akashusha pumzi.

"Kwapani," alisema. "Na lile la zamani pia. Makoti yako yote, fundi, tangu siku ya kwanza."

Mukunde akampa baba yake chaki, na Asumani akaweka alama mahali palipobana.